Je, Wajua? Mkate Ruhusa, Jibini Marufuku

Kiswahili kina neno lake kwa mchezaji asiyelipwa: mchezaji wa ridhaa. Bondia wa ridhaa hupanda ulingoni kwa hiari, mwenzake wa kulipwa hupanda kwa mkataba. Waingereza walilitoa neno lao Ufaransa, na asili yake ni Kilatini chenye maana ya kupenda. Sisi tukachagua kuridhia. Sidhani kama kuna mahali ambapo ridhaa hiyo imevutwa na kubishaniwa kama katika vyuo vikuu vya Marekani. Huko, kwa zaidi ya miaka mia moja, wakubwa wameandika nani achezee chuo, kwa miaka mingapi, kwa alama zipi za darasani, na asiguse nini. Jifunge mkanda, tunakwenda mbio.

Mdhamini alifika kwanza

1. Shindano la kwanza kati ya vyuo viwili nchini Marekani lilikuwa la makasia: Harvard na Yale, tarehe 3 Agosti 1852, katika Ziwa Winnipesaukee, jimbo la New Hampshire. Nani alilipa nauli na malazi? Kampuni ya reli, iliyotaka abiria wa kujaza mabehewa yake. Kanuni zilikuwa bado hazijaandikwa, lakini mdhamini alikwishafika.

2. Mwaka 1904 James Hogan, nahodha wa Yale katika mpira wa Kimarekani, alikuwa akipata kamisheni ya sigara zilizouzwa mjini New Haven. Msimu ulipokwisha akapelekwa Cuba kupumzika. Kwenye karatasi alikuwa mwanafunzi wa ridhaa.

3. Kilichowakutanisha waanzilishi wa chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, ni misiba. Vijana walikuwa wakifa uwanjani katika mpira wa Kimarekani, na mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu watu wa Harvard, Yale na Princeton waurekebishe mchezo. Chama kikaundwa 1906, na jina la NCAA kikalipata 1910. Suala la nani alipwe na nani asilipwe likaingia humo humo.

4. Je, wajua kwamba fundi mwashi aliwahi kuhesabiwa kuwa mchezaji wa kulipwa kwa sababu tu ya kujenga kuta? Mashindano ya makasia ya Henley, Uingereza, yaliwakataza mafundi na vibarua, kwa hoja kwamba kazi ya mikono inawapa nguvu wasizo nazo waungwana. Mwaka 1920 John Kelly wa Philadelphia, mwashi, alinyimwa nafasi Henley. Miezi michache baadaye akachukua dhahabu ya Olimpiki mjini Antwerp. Binti yake, Grace, alikuja kuwa mke wa Mwanamfalme wa Monaco. Vyuo vya Marekani viliinakili ridhaa yao kutoka kwa waungwana hao hao.

5. Jim Thorpe, mwanafunzi wa shule ya Wahindi Wekundu ya Carlisle, alishinda dhahabu mbili za Olimpiki mjini Stockholm mwaka 1912. Mwaka uliofuata akanyang'anywa zote mbili, kwa kuwa zamani aliwahi kucheza besiboli kwa pesa kidogo huko North Carolina. Alifariki 1953 akiwa hajarudishiwa. Kamati ya Olimpiki ilimtambua tena kuwa mshindi pekee mwezi Julai 2022, miaka 110 baada ya mashindano.

6. Taasisi ya Carnegie ilichunguza vyuo 112 na kutoa ripoti mwaka 1929. Takriban robo tatu vilikuwa vikiwapa wachezaji pesa, kazi hewa au fadhila nyingine kinyume cha maadili ya ridhaa. Kila mtu alikuwa anajua, ila sasa liliandikwa.

7. Kuna wakati hata kumlipia mchezaji karo kwa sababu tu anajua mpira lilikuwa kosa. NCAA ilipitisha kanuni kali mwaka 1948, na 1950 wanachama wakapiga kura kuvifukuza vyuo saba vilivyoikaidi. Theluthi mbili zilizohitajika hazikupatikana, na mwaka 1951 kanuni ikafutwa. Kufikia 1956, ufadhili kamili wa masomo kwa mwanamichezo ulikuwa halali kabisa. Dhambi ya juzi ikawa utaratibu.

Neno lenye wakili nyuma yake

8. Yale maneno mawili, "mwanafunzi-mwanamichezo", unayoyasikia kwa watangazaji wa Marekani kila siku, hayakuzaliwa viwanjani. Katika miaka ya 1950 Walter Byers, mtendaji mkuu wa NCAA, pamoja na mawakili wake, waliyatunga ili mchezaji aliyeumia asije akadai fidia kama mfanyakazi. Mwaka 1955 mchezaji wa chuo kimoja jimboni Colorado alifariki kutokana na jeraha la kichwa alilolipata uwanjani. Mjane wake akadai fidia ya kazini, na mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo ikamkatalia: marehemu hakuwa mwajiriwa. Byers alikuja kujutia mfumo aliousimamia, akaandika hivyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1995.

9. Kuanzia 1973 ufadhili wa mwanamichezo ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Ukiumia goti, au kocha mpya asipokupenda, mwaka uliofuata ungeweza kujikuta huna karo. Ruhusa ya kutoa ufadhili wa miaka kadhaa ilirudi 2012.

Saa inagonga

10. Kanuni kuu ya Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, kwa miaka mingi imekuwa hii: misimu minne ya kushindana, ndani ya miaka mitano. Saa huanza kugonga siku unapojisajili chuoni kama mwanafunzi wa muda wote, na haijali ni chuo gani. Ukianza mwaka wa kwanza Eldoret au Morogoro kisha ukahamia Texas, muda wako umekwishaanza kuliwa. Wanaosimamishiwa saa ni wachache: aliye jeshini, aliyetumwa na kanisa lake kueneza dini, na mama mjamzito, anayeweza kuongezewa mwaka mmoja.

11. "Shati jekundu" ni jina la msimu ambao mchezaji anafanya mazoezi na wenzake lakini hashindani, ili msimu huo usihesabiwe. Desturi hiyo inahusishwa na Warren Alfson wa Nebraska, aliyeomba mwaka 1937 kukaa nje kwanza apate kukomaa. Tangu 2018, mchezaji wa mpira wa Kimarekani anaweza kucheza hadi mechi nne na bado msimu ukahesabika kuwa hakuucheza.

12. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikuwa haruhusiwi kuichezea timu kubwa. Novemba 1965 timu ya mwaka wa kwanza ya UCLA, ikiwa na kijana mrefu aitwaye Lew Alcindor, iliifunga timu kubwa ya chuo hicho hicho pointi 75 kwa 60. Waliofungwa walikuwa mabingwa wa taifa. Alcindor, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama Kareem Abdul-Jabbar, akabaki katika timu ya mwaka wa kwanza kungoja mwaka uishe. Katika mpira wa kikapu na mpira wa Kimarekani, marufuku hiyo iliondolewa 1972.

13. Chris Weinke alicheza besiboli ya kulipwa kwa miaka sita, kisha akarudi chuoni Florida State kucheza mpira wa Kimarekani. Mwaka 2000 alitwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, akiwa na umri wa miaka 28. Iliwezekanaje? Kanuni ilisema unaweza kuwa wa kulipwa katika mchezo mmoja na wa ridhaa katika mwingine. Danny Ainge naye alikuwa akiichezea Toronto besiboli ya kulipwa huku akiwa nyota wa kikapu wa Brigham Young.

Darasani

14. Kipaji peke yake hakifungui mlango. Anayetaka Daraja la Kwanza lazima awe na masomo ya msingi 16 ya sekondari na wastani wa alama 2.3 kwa kipimo cha nne. Masomo kumi kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Vyeti hupitiwa na kituo maalumu cha NCAA mjini Indianapolis, vikiwemo vya kidato cha nne na cha sita kutoka kwetu.

15. Ukishaingia, shahada nayo ina mita zake: asilimia 40 ya masomo iwe imekamilika mwisho wa mwaka wa pili, 60 mwisho wa wa tatu, 80 mwisho wa wa nne. Mwenye medali aliyechelewa na masomo hukaa jukwaani kama mtazamaji.

16. Mwaka 1986 NCAA ilianza kudai alama za chini katika mtihani wa taifa wa kuingia chuo, na waliofungiwa nje wengi walikuwa vijana weusi. Kanuni ilipotaka kukazwa zaidi, Januari 1989, kocha John Thompson wa Georgetown alitoka uwanjani mechi ikianza, taulo lake jeupe akamwachia msaidizi. Sharti la mtihani huo lilikuja kuondolewa kabisa Januari 2023.

17. Harvard, Yale na wenzao sita wa kundi la Ivy hawatoi ufadhili kwa sababu ya michezo. Daraja la Tatu zima nalo halitoi. Huko ndiko ridhaa imebaki karibu na maana yake ya kamusi.

Jikoni na mfukoni

18. Sasa ule mkate. Kanuni iliruhusu chuo kuwapa wachezaji matunda, karanga na mkate wa duara kama kitafunio cha bure. Mkate mkavu. Ukipakwa jibini laini, ulihesabika kuwa mlo, na mlo ulikuwa na kikomo chake. Watu wazima wenye shahada za sheria walikaa mezani wakaandika hivyo.

19. Aprili 2014 Shabazz Napier, aliyekuwa ametoka kuipa Connecticut ubingwa wa kikapu, aliwaambia waandishi kwamba kuna usiku hulala na njaa. Mwezi huo huo NCAA ikaruhusu milo bila kikomo.

20. Jeremy Bloom alikuwa mchezaji wa Colorado na pia mtelezaji wa theluji wa Olimpiki. Kuteleza kunagharimu, naye akapokea pesa za wadhamini wa theluji. Mwaka 2004 NCAA ikamfungia asicheze mpira wa Kimarekani. Mshahara wa besiboli haukumzuia Ainge kucheza kikapu, lakini tangazo la miwani ya theluji lingekuzuia.

21. Joseph Schooling, mwogeleaji wa Chuo Kikuu cha Texas, alimshinda Michael Phelps mjini Rio mwaka 2016, na Singapore ikampa zawadi ya dola milioni 1 za nchi hiyo. Akarudi chuoni kuogelea kwa ridhaa. Zawadi ya taifa kwa medali ya Olimpiki ilikuwa na mlango wake wa halali.

22. Mwaka uliofuata, mpiga teke wa chuo kimoja cha Florida alitakiwa aache kupata pesa kwa video za YouTube zilizoonyesha maisha yake ya uchezaji. Akazichagua video, na uchezaji wake wa chuo ukaishia hapo.

Wetu waliopita humo

23. Dhahabu ya Kenya ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne, Munich 1972, ina chuo nyuma yake. Julius Sang na Robert Ouko, wawili kati ya wale wanne, walisoma North Carolina Central, chuo cha Wamarekani weusi, chini ya kocha LeRoy Walker.

24. Howard, chuo kingine cha weusi, kilitwaa ubingwa wa soka wa 1971 kikiwa na wachezaji wa Karibi na Afrika. NCAA ikawapokonya kombe. Sababu mojawapo ni kanuni iliyowahusu wageni tu: kila mwaka uliocheza kwenu baada ya kutimiza miaka 19 ulikatwa kwenye misimu yako ya chuo. Howard walikwenda mahakamani, na kanuni hiyo ikatupwa kwa kuwa ya kibaguzi. Lakini hawakungoja wino ukauke: mwaka 1974, na kocha wao Lincoln Phillips wa Trinidad, walilichukua kombe tena kwa kuifunga Saint Louis mabao 2 kwa 1.

25. Henry Rono aliweka rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Washington State. Chuo kilipata sifa, mashabiki wakapata simulizi. Yeye alikuwa na ufadhili wa masomo.

26. Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, zote za Moscow 1980. Moja ni ya Filbert Bayi. Ya pili, ya mita 5,000, ni ya Suleiman Nyambui, aliyekuwa akikimbilia Chuo Kikuu cha Texas, El Paso.

27. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliichezea Connecticut misimu mitatu, na 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wote wa NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Enzi hizo ukishamkodi wakala wa kukuuza, mlango wa chuo unajifunga nyuma yako.

28. Edward Cheserek, mzaliwa wa Kenya, aliondoka Oregon mwaka 2017 na mataji 17 ya NCAA ya nyika, ukumbini na uwanjani. Juni 2025 Mkenya mwingine, Doris Lemngole wa Alabama, alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:58.15. Hakuna mwanachuo wa kike aliyewahi kushuka chini ya dakika tisa kabla yake.

Mahakama inaingia uwanjani

29. Ed O'Bannon, bingwa wa kikapu wa UCLA wa 1995, alijikuta ndani ya mchezo wa kompyuta: urefu wake, rangi yake, mkono wake wa kushoto, namba yake. Hakuombwa ruhusa wala hakulipwa. Alishtaki 2009, na mwaka 2014 Jaji Claudia Wilken wa California akampa haki.

30. Tarehe 21 Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 9 kwa 0, ilisema NCAA haina kinga dhidi ya sheria za ushindani wa biashara. Siku kumi baadaye, 1 Julai, wanamichezo wa vyuo wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao: matangazo, fulana, video, chochote. Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa mapema: California ilikuwa imepitisha sheria yake tangu 2019.

31. Reggie Bush alirudisha tuzo yake ya Heisman mwaka 2010 baada ya kubainika kwamba familia yake ilinufaika na pesa za watu wa kando. Aprili 2024 akakabidhiwa tena. Wadogo zake walikuwa sasa wanalipwa mchana kweupe.

32. Tarehe 6 Juni 2025, Jaji Wilken yule yule aliidhinisha suluhu ya takriban dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa miaka iliyopita. Pia vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji wao moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza.

33. Basi ridhaa imekwisha? Kamuulize mgeni. Mwanafunzi wa nje huingia Marekani kwa viza ya F-1, na viza hiyo inabana mno kazi za malipo. Mwenzake wa chumba kimoja anaweza kusaini tangazo la viatu kabla ya chai. Yeye akisaini hivyo hivyo, anaweza kurudishwa kwao.

Mwaka 2022 mchezaji bora wa kikapu wa vyuo vyote alikuwa Oscar Tshiebwe wa Kentucky, mzaliwa wa Lubumbashi, mji ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya barabarani. Agosti mwaka huo timu yake ilisafiri kwenda Bahamas kucheza mechi za kirafiki. Huko, nje ya mipaka ya Marekani, Tshiebwe alitumia nafasi hiyo kufanya kazi za matangazo: picha, video, saini. Kisha akapanda ndege na wenzake, akatua Kentucky, na alipovuka mstari wa uhamiaji akawa tena mchezaji wa ridhaa.